Utepe wa Pikipiki ya Mlegele

Jina la nchi yetu silitaji, kwa kuwa kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na kibali hicho hutolewa na ofisi ambayo bado haijafunguliwa. Ofisi yenyewe ipo. Ina kuta, ina paa, ina hata karani ndani anayesinzia. Haijafunguliwa tu.

Usishangae, ndugu msomaji. Sisi ni watu wa utaratibu. Kwetu hakuna kitu kinachoruhusiwa kutumika kabla hakijazinduliwa, na hakuna anayezindua ila mgeni rasmi, kwa mkasi, mbele ya wananchi waliopangwa juani kwa mistari. Kata ya jirani wana kisima kinachoingia mwaka wa tatu kikisubiri utepe wake ukatwe. Maji yamo, ukiinama unayasikia. Wananchi hupita kando yake kwa heshima, ndoo zikiwa vichwani, wakaenda kuchota dimbwini. Tuna daraja pia. Wanafunzi huvuka mto wakipita chini yake, maji yakiwafika kifuani, na siku za mvua daraja hilo huwasaidia sana, maana huwakinga wasilowe vichwa.

Mimi naitwa Semeni. Ni katibu wa Umoja wa Wakulima wa Mlegele, kaya arobaini zinazolima mahindi kwenye miteremko iliyopakana na msitu. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao na risala za kuwasomea wageni rasmi. Wageni rasmi hawajawahi kufika, kwa hiyo risala ninazo nyingi na zote bado nzima.

Adui wetu ni nguruwe pori. Serikali inasema hawapo. Walihamishwa kwa tamko, na tamko lile lilipigiwa makofi ya muda mrefu. Nguruwe hawakuhudhuria mkutano huo. Mahindi yakishabeba wanashuka familia nzima, baba, mama na watoto, wanaangusha bua, wanauma hindi mara moja tu, wanahamia lingine. Ekari moja ni kazi ya jioni moja.

Mwindaji wetu ni shangazi yangu, Sikudhani. Gobori aliachiwa na marehemu mumewe, kibali anacho, shabaha ni yake mwenyewe. Shida yake ilikuwa mwendo. Mashamba yetu yametawanyika. Akiitwa bonde la juu, anapofika nguruwe wamekwishahamia bonde la chini. "Wao wana miguu minne, mimi miwili," alituambia kikaoni. "Niongezeeni."

Tukauza ufuta wetu wote wa msimu ule, tukaazimia kununua pikipiki ya magurudumu manne, iliyotumika, ya aina ile yenye matairi manene inayopanda tope na mawe. Ingembeba Shangazi na gobori lake, ingewakokota nguruwe waliouawa mpaka msituni, na wakati wa mavuno ingepandisha magunia ambayo mpaka leo hupanda mlima juu ya vichwa vya wanawake.

Mjini kuna yadi ya mtu mmoja anayeitwa Chande, anauza vyombo vya mtumba. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, mama zangu! Hii ya hapa mbele haijawahi kuona tope. Mwenyewe alikuwa akiiendesha sebuleni."

Akaiwasha. Ikanguruma laini kama paka aliyeshiba. Mimi nilishaanza kutabasamu. Shangazi akainama, akanusa, akaguna.

"Bwana Chande, hapa kuna mtu anakaanga ndizi?"

"Ndizi? Wapi tena, mama?"

"Humu." Akaigonga giaboksi kwa kidole. "Umeishindilia ndizi mbivu ili meno yasipige kelele. Baba yangu aliendesha lori miaka ishirini. Usinifundishe kupika."

Chande akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Mama, wewe ungezaliwa mwanamume ungekuwa waziri!"

"Ningekuwa waziri, wewe ungekuwa jela. Nionyeshe ile ya kule nyuma."

Ile ya kule nyuma ilitoka katika kambi ya uwindaji iliyofungwa. Rangi ilikuwa imebabuka, taa moja imepasuka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Shangazi akaitazama inavyotoa moshi. Haukuwa wa bluu. Akapitisha kidole chini ya injini. Hakikurudi na oili. Akatikisa usukani, akabana breki, akapakia nyuma magunia mawili ya mchanga, akaniambia nipande juu yake. Kisha akaiendesha moja kwa moja kwenye kifusi kirefu cha mwisho wa yadi, akapanda mpaka kileleni, akasimama pale, akautazama mji wote. Sijawahi kumwona amefurahi vile, hata siku ya harusi ya bintiye.

"Hii," akasema, "haijui kudanganya."

Tuliifikisha Mlegele Alhamisi saa sita mchana. Saa nane Afisa Uzinduzi wa Tarafa alikuwa amewasili. Sijui nani alimwambia. Mkunga tunamwita siku mbili. Afisa uzinduzi hufika kabla hujapiga simu.

Jina lake Kondo, mtu wa suti nyeusi na viatu vyeupe, mfuko wa koti umevimba kwa rola la utepe mwekundu.

"Chombo hiki kimezinduliwa?" akauliza.

"Kimetumika, mheshimiwa," nikamjibu. "Ni cha mtumba. Kimetembea miaka sita."

"Kilimtembelea mwenyewe. Wananchi hakijawatembelea." Akafungua kitabu chake. "Sheria iko wazi. Kisichozinduliwa hakitumiki."

"Basi kizinduliwe."

"Hakiwezi. Sheria iko wazi hapo pia. Kilichotumika hakizinduliwi. Unataka mgeni rasmi aje kukata utepe wa kitu kikuukuu? Ni kumdhalilisha."

"Sasa tufanyeje?"

Akaizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma. "Kipakeni rangi," akasema.

Shangazi, aliyekuwa amekwishavaa viatu vyake vya mpira, akamsogelea. "Mwanangu, wakati sisi tunaongea hapa, nguruwe wako kwenye mahindi."

"Mama," akasema Kondo kwa upole wa mtu aliyehudhuria semina, "nguruwe walihamishwa."

Tukaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha ya shule. Kondo akagusa, akakagua kidole, akaandika katika kitabu kwamba chombo ni kipya kwa mujibu wa rangi. Kisha akaifunga utepe: akaupitisha kwenye usukani, akauvusha juu ya kiti, akaurudisha chini ya matairi ya nyuma, akaukaza kwa fundo kubwa mbele. Akatuarifu kwamba utepe ni mali ya taifa na una namba, na atakayeugusa ameligusa taifa. Ili tusilisahau hilo akamwacha mgambo wa kulinda, Mahimbo, kijana wa hapohapo Mlegele, na kirungu chake.

Mgeni rasmi alikuwa ni Mheshimiwa Dakta Mhandisi Msumi, Mzinduzi Mkuu wa Mkoa. Huyu ni kiongozi tunayempenda sana. Aliwahi kuzindua bomba la maji katika kata nne kwa siku moja, bomba lilelile, kwa kuwa lilikuwa limefungwa nyuma ya gari.

Alipangiwa Jumanne. Tukasimamisha turubai, kina mama wakafanya mazoezi ya wimbo, tukachinja mbuzi. Ukaja msafara wa kutangulia, watu tisa, ukamla mbuzi ili kuhakiki kama anafaa kuliwa na Mheshimiwa, ukathibitisha kwamba angefaa, kisha ukatangaza kwamba Mheshimiwa amepata dharura. Alipangiwa Jumanne iliyofuata. Mbuzi wa pili akahakikiwa. Siku hiyo Mheshimiwa alibanwa na uzinduzi wa Wiki ya Kutoahirisha Mambo, ambayo nayo ilikuwa imeahirishwa kutoka mwezi uliopita. Jumanne ya tatu ililetwa picha yake katika fremu. Tukaiimbia. Lakini ilionekana kwamba picha haiwezi kushika mkasi, kwa hiyo ikarudi na mguu wa nyuma wa mbuzi wa tatu.

Risala yangu nayo ilirudishwa kila mara. Nilikuwa nimeandika, "Mheshimiwa, nguruwe wanatumaliza." Kondo akafuta. "Andika 'changamoto ndogondogo'."

Nikaandika, "changamoto ndogondogo zenye meno."

Akafuta "zenye meno".

Wakati huo changamoto ndogondogo zilikuwa zimekula shamba la Mama Hidaya, shamba la kanisa, shamba la msikiti, na yote yaliyoko kati yake. Shangazi alikuwa akitoka kwa miguu kila jioni na kurudi amechoka mpaka anashindwa kuvua viatu. Aliua wawili, thelathini walikuwa wanakula upande wa pili. Jioni moja jike na watoto wake sita walikatiza uwanja wa shule, wakapita hatua tano tu kutoka kwenye pikipiki yetu. Mahimbo akasimama wima na kirungu chake, akawafukuza waende kushoto zaidi, wasije wakagusa utepe.

Jumamosi moja, yapata saa kumi alasiri, Shangazi alichukua gobori akanipitia nyumbani.

"Limebaki bonde la juu," akasema. "Likiisha hilo, mwezi wa tatu tutakula risala zako."

"Ngoja niite watu twende wengi, Shangazi."

"Waite. Mimi natangulia, nguruwe hawangoji watu watimie."

Nilisikia mlio mmoja wa gobori, kisha kelele. Dume lilikuwa limejeruhiwa, likamgeukia kabla hajashindilia risasi nyingine, likampasua paja kutoka gotini kwenda juu. Mama Hidaya na binti yake walimtelemsha ndani ya kanga, wakamlaza kwenye nyasi za uwanja wa shule, kando ya pikipiki. Zahanati iko ng'ambo ya bonde la tope, na gari haliingii huko msimu wa mvua. Pikipiki inaingia. Ndiyo maana tuliinunua.

"Mahimbo," nikasema, "fungua utepe."

"Siwezi, dada Semeni."

"Huyu ni Shangazi Sikudhani. Alikulisha mwaka mzima ulipofiwa na mama yako."

"Najua. Si unaniona nalia? Lakini utepe una namba, dada. Mpigie Kondo."

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo nilipotenda kosa langu. Mimi ni mtoto wa nchi hii. Nilifundishwa kwamba mlango ukifungwa unabisha, na kwamba ukibisha kwa lugha nzuri utafunguliwa. Nikampigia Kondo. Kondo akasema suala hilo liko juu ya uwezo wake, akanipa namba ya wilaya. Wilaya wakauliza kama majeruhi ana kadi ya mwaliko wa uzinduzi. Wakanipa namba ya mkoa. Mkoa wakaniomba nieleze upya, taratibu, kuanzia salamu. Nikaeleza. Nilisema "kwa heshima na taadhima". Nilisema "ningependa kuwasilisha ombi". Nilisema "nitashukuru sana iwapo". Mama Hidaya alikuwa amekaza kanga juu ya paja kwa mikono yote miwili, na kanga ilikuwa imekwishabadilika rangi.

Dakika arobaini.

Shangazi akafumbua macho. "Semeni."

"Naam, Shangazi. Nakaribia kueleweka."

"Unaongea vizuri sana, mwanangu," akasema. "Nakufa kwa Kiswahili sanifu."

Nikaiacha simu ianguke, mtu wa mkoa bado akiuliza jina langu la tatu. Nikachomoa kisu kwenye mshipi wa Shangazi, nikaukata utepe kwenye usukani, kwenye kiti, na kwenye matairi. Hapakuwa na wimbo wala makofi. Mahimbo alinisaidia kumpakia, akamfunga kiunoni mwangu kwa koti lake la sare, akahakikisha hatadondoka. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa.

Pikipiki ilivuka bonde kama tulivyotarajia. Haikuzima mara hata moja. Nataka hili lijulikane: chombo tulichokinunua kilikuwa kizima na kilifanya kazi yake.

Tabibu wa zahanati alizuia damu, gari la hospitali ya wilaya likatukuta upande wa barabara nzuri. Mguu ulikatwa siku ya pili, juu ya goti. Daktari alinivuta kando kwenye korido.

"Ungemleta nusu saa kabla," akasema kwa sauti ya chini, "mguu ningeuokoa."

Alipoamka nilimwambia Shangazi kuhusu zile dakika. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba radhi. Akaniita mjinga, akaniita kasuku aliyefunzwa na serikali, akanishika kichwa na kukibana kifuani mpaka nikakosa pumzi.

Siku ya nne yaliletwa magongo, mapya, ya mbao nzuri, msaada wa Serikali. Yalikuwa yamefungwa pamoja kwa utepe mwekundu.

Muuguzi aliyeyaleta hakuweza kututazama. "Yanasubiri mgeni rasmi," akasema. "Wamesema Jumanne."

Wiki mbili magongo yale yaliegemea ukuta, na Shangazi akawa anakwenda msalani akirukaruka kwa mguu mmoja, ameshika shingo yangu, akiyapita njiani. Ikafika siku nimetoka kutafuta uji. Niliporudi nilimkuta sakafuni, paji la uso limepasuka, hatua mbili kutoka kwenye magongo. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena.

"Nilitaka kuyaazima tu," akasema. "Ningeyarudisha kabla ya Jumanne."

Nikamwomba muuguzi mkasi. Hakuniuliza wa nini. Aliuweka kitandani, akageuka akatazama dirishani mpaka nilipomaliza.

Mheshimiwa Msumi, ambaye kwa majuma yote yale hakupata nafasi ya kuja Mlegele, alipata nafasi baada ya siku mbili. Niliitwa uwanja wa tarafa, penye ua wa mali zilizokamatwa. Wananchi walipangwa juani kwa mistari. Vipande vya tepe mbili vililetwa juu ya sinia lenye kitambaa cheupe, tukasimama dakika moja kimya kwa ajili yake. Kisha Mheshimiwa akahutubia.

"Ndugu wananchi! Taifa ni nini? Taifa si mahindi. Mahindi huota kila mwaka. Taifa si mguu. Mguu ni suala la mtu binafsi. Taifa ni kusubiri kwa pamoja! Siku tutakapoacha kusubiri, tutatofautiana vipi na nguruwe?"

Makofi.

"Ambao," akaongeza baada ya Kondo kumnong'oneza, "walihamishwa."

Makofi zaidi.

Akageukia upande wangu. Akasema Serikali ni mzazi, mzazi huadhibu lakini husamehe. Nikisoma radhi iliyoandaliwa, pikipiki ya Mlegele itarudishwa, mara tu baada ya radhi yenyewe kuzinduliwa. Nisiposoma, pikipiki itabaki hapo, nami nitakwenda ninakostahili kwenda. "Vijana wetu wamesoma, wana maneno mengi," akasema. "Leo tunataka mawili tu."

Kondo akanipa karatasi. Nyuma yao niliiona pikipiki yetu, iliyokamatwa palepale zahanati, rangi ya kijani imeanza kubanduka. Kando yake kulikuwa na kengele ya shule, mashine ya kusaga, na jeneza la msikiti wa kata ya jirani. Kila kimoja kilikuwa na karatasi iliyobandikwa. Nilikuwa karibu, nikazisoma. Zote zilikuwa radhi, zimetiwa saini na mihuri, za miaka saba, za miaka minne. Nyasi zilikuwa zimefika shingoni mwa kengele.

Mama Hidaya alinivuta kanga kutoka nyuma. Hana shamba lililobaki, sikumlaumu. "Semeni mwanangu, sema tu," akaninong'oneza. "Maneno mawili yana uzito gani?"

Shangazi alikuwa mstari wa mbele, juu ya magongo yake. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama ile pikipiki yadini, akisubiri kuona moshi utatoka wa rangi gani.

"Mheshimiwa," nikasema, "hii nimeisoma. Ndani yake nakiri kwamba niliharakisha. Sikuharakisha. Nilisimama dakika arobaini na simu mkononi nikiwabembeleza watu wako, na mguu wa mtu ukaozea hapo. Kwa dakika hizo nilishaomba radhi, nimemwomba mwenyewe, na alinitukana kabla ya kunisamehe. Kwa utepe wa kwanza sina radhi. Kwa utepe wa pili sina radhi. Na hivyo vitu vyote hapo nyuma yako vina radhi za kutosha, mbona havirudi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Kondo akaandika kitu kitabuni, akakikata, akaandika upya.

Mheshimiwa akatabasamu kama mtu aliyezoea kupigwa picha. Akachukua kipaza sauti, akaniuliza mara ya pili, polepole, ili wananchi wote wasikie: naomba radhi, au siombi?

Akanisogezea kipaza sauti. Nikakisogelea zaidi, ili wananchi wote wasikie.

"Siombi."